Mbwa Aliyefungwa Siku Kumi

Mwangulu,
Alhamisi, 18 Januari 2024

Kwa mpwa wangu Eunice,

Salamu zangu zikufikie hapo Ukunda ukiwa mzima. Huku kwetu hatujambo, isipokuwa mguu wa mkaza mjomba wako Kahaso, ambao umemvimba tena, naye hataki kuupumzisha kwa kuwa anadhani akilala mchana sufuria zitamsema. Mvua za vuli zilitudanganya. Mahindi yalifika magotini yakasimama papo hapo. Mbuzi ni hamsini na wawili. Mwanao Mbeyu ameng'oka meno mawili ya mbele, na anasoma kila karatasi anayoiona, hata ile iliyofungiwa sukari. Anakusalimu.

Sasa tuje kwenye karatasi yako uliyompa Katana wa gari la mbuzi aniletee pamoja na sabuni. Sabuni nimepokea. Karatasi nimeisoma mara moja, kisha nikampa Kahaso anisomee, nikidhani macho yangu yameharibika. Kambi ya kuhasi na kuchanja mbwa, Mwangulu sokoni, Jumamosi tarehe mbili Machi, bure. Na chini jina lako kwa herufi kubwa, kama la mtu anayegombea kiti.

Eunice, watu huniuliza, "Mpwa wako yuko Diani, hotelini?" nami huwajibu ndiyo, kwa sababu siwezi kuwaambia kwamba anashika mapumbu ya mbwa akiwa amevaa glavu. Mimi nimehasi mafahali na mabeberu kwa miaka arobaini, kutoka hapa mpaka Majoreni, na sijapata kuvaa koti jeupe wala kugawa karatasi. Kazi hiyo naijua. Fahali ukimhasi anakuwa maksai, anainamisha shingo na kuvuta jembe hata akiongozwa na mtoto. Beberu anakuwa ndafu, analala, ananenepa, na ukimkanyaga hainuki. Ukali wa dume unakaa mle mle. Ukiutoa umebakiza nyama. Na wewe unataka nimfanyie hivyo Forodha, mbwa niliyempa jina hilo kwa kuwa hapiti mtu wala fisi uani kwangu bila kukaguliwa?

Peleka kisu chako kwa mbwa wa Diani wanaolala kwenye makochi. Na kuhusu lile ombi lako jingine, la kumchukua Mbeyu mwezi wa nane aende kusoma huko: marehemu mama yako, dada yangu, alituachia mtoto huyu mikononi akiwa na miaka mitatu. Atabaki hapa mpaka upate kazi inayoweza kutajwa mbele ya watu.

Mimi mjomba wako,
Mangi Tsofa


Ukunda,
Jumapili, 11 Februari 2024

Mjomba, shikamoo.

Mpe shikamoo yangu mkaza mjomba, na umwambie asipopumzika nitakuja kumfunga mguu kitandani. Hapa nashukuru ni salama. Nimechelewa kujibu kwa kuwa zahanati yetu ya wanyama ilijaa. Ningekupigia simu, lakini nasikia simu niliyokununulia umeifanya ya kuzuia mlango usijifunge, kwa sababu mtandao haupatikani mpaka upande kilima cha shule. Kilima hicho Mbeyu hukipanda kila asubuhi akiwa na mkoba mgongoni.

Nimeisoma hotuba yako ya mafahali. Mafahali unawajua, sikatai. Tatizo lako ni kwamba ulimsoma mnyama mmoja ukadhani umewasoma wote. Mbwa halindi mbuzi kwa mapumbu, Mjomba. Analinda kwa sababu ulimleta akiwa mdogo ukamlaza zizini, akakua akiwanusa mbuzi mpaka akawaona ni wenzake. Hilo haliko mahali ninapokata.

Na ukali unaousifu huujui hata ukiwa mbele yako. Krismasi nilipokuja ulimpita Forodha akila. Aliganda, mdomo juu ya bakuli, mkia umesimama wima na ncha tu inatikisika. Ukacheka, ukatuambia mbwa wako anakufurahia. Alikuwa anakuonya. Mtu pekee aliyejua ni Mbeyu, ndiyo maana alikuvuta shati. Yeye akimkaribia, Forodha hulala chini akaonyesha tumbo. Mtoto wa miaka saba anamsoma mbwa wako vizuri kuliko wewe mwenye miaka arobaini ya kazi.

Nisikilize katika hili moja tu. Dume asiyehasiwa humnusa jike aliye mbali kuliko macho yako yanavyofika. Akinusa anaondoka, na akiondoka ua wako unabaki bila mlinzi. Madume wengine wanaofuata harufu hiyo hiyo watapita hapo kwako, na wengi wao hawajapata kuchanjwa. Nzai jirani yako ana jike anayezaa kila mara, na watoto anawatupa vichakani kando ya barabara ya Lunga Lunga. Wanaopona ndio mbwa mnaowalaani mnapokosa kuku. Kama Nzai angekubali jike huyo afungwe kizazi, nusu ya vita hivyo ingekwisha. Mjomba, kichaa cha mbwa kikishaanza kwa mtu hakuna daktari anayekirudisha nyuma. Hilo ndilo ninaloliogopa, kwa sababu mtoto wangu analala uani kwako.

Kama kisu kinakutisha, mlete achanjwe tu. Ni sindano moja, haipunguzi uume wa mtu.

Mpwa wako mwenye kazi isiyotajika,
Eunice


Mwangulu,
Alhamisi, 4 Aprili 2024

Kwa Eunice,

Salamu nyingi. Mvua imeanza na safari hii inaonekana ina nia. Kahaso anapalilia akiwa ameketi, huko ndiko kupumzika kwake. Mbeyu amekuwa wa tatu darasani.

Sikukuandikia mapema kwa kuwa nilitaka kwanza kucheka mpaka nimalize. Kambi yako niliipitia, si uliniona? Gari moja, hema moja, watu wazima wanne, na mbwa tisa. Tisa, Eunice. Mwangulu ina mbwa wasiopungua mia. Usilaumu watu. Walikuja wakaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye wanayemjua katika mambo ya kuhasi, nami nikawajibu kwamba mwenye mbuzi zizini asikubali mbwa wake aguswe. Usiku ule ulilala kwetu ukala ugali wangu kimya kimya. Nilikuhurumia kidogo, halafu nikaacha.

Sasa nikupe habari za yule unayetaka kumfanya mto wa kulalia. Jike wa Nzai ametaka dume wiki hii. Forodha ameondoka hapa tangu Jumatatu, yuko ng'ambo ya bonde kwa Nzai pamoja na madume wengine sita au saba, na Nzai mwenyewe ameniambia kwamba Forodha amewapiga wote. Mwaka jana alikaa huko wiki nzima akarudi amekonda kama ufito. Huyo ndiye dume. Mwaka huu watoto wake watajaa mpaka Majoreni, na wewe utawafuata mmoja mmoja na kisu chako.

Mbeyu anaandika hapa chini.
Mama shikamoo mimi niko sawa Forodha amesafiri.

Mjomba wako,
Mangi Tsofa


Ukunda,
Jumapili, 21 Aprili 2024

Mjomba, shikamoo.

Mambo ya kwangu ni mazuri, sitayaeleza. Katana amekuja Ukunda na mbuzi mara tatu tangu barua yako, na mara zote tatu amekuja bila neno kutoka kwenu. Nikimuuliza habari za nyumbani anaangalia tairi.

Barua yako sikuijibu kwa kuwa nilidhani umejijibu mwenyewe. Umeniandikia kwa fahari kwamba mlinzi wako yuko kwa wanawake na ua uko wazi. Nilicheka na wenzangu hapa. Sasa sicheki. Kuna nini huko? Na kwa nini Mbeyu haniandikii?

Eunice


Mwangulu,
Jumamosi, 27 Aprili 2024

Kwa mpwa wangu mpendwa Eunice,

Nakusalimu sana, tena sana, na wote walio pamoja nawe hapo kazini. Sisi sote ni wazima wa afya. Mvua ni nzuri. Kunde zimetoa maua. Mbuzi wamezaa, mapacha mara tatu. Tumeezeka upya jiko la Kahaso. Mzee wa kanisa alipita akakuulizia. Mwalimu naye amekuulizia.

Kuna jambo dogo. Ijumaa ile ya tarehe tano, alfajiri, Forodha alimuuma Mbeyu mkononi, chini ya kiwiko. Mtoto alikuwa anafungua zizi, akamkanyaga akiwa amelala mlangoni. Mbwa alifanya kazi yake. Kahaso alikiosha kidonda kwa maji na sabuni muda mrefu, kisha siku hiyo hiyo tukampeleka hospitali Msambweni. Alichomwa sindano. Tukampeleka tena, akachomwa ya pili, halafu ya tatu. Muuguzi aliniuliza mbwa ni wa nani, nikasema ni wangu. Akasema nimfunge siku kumi nimwangalie, na akibaki mzima nije niwaambie. Nilimfunga kwenye nguzo ya zizi. Alikula, alikunywa, alibweka. Siku kumi zilipotimia nikaenda nikawaambia, wakasema vizuri, basi sindano zilizobaki hazina haja.

Kwa hiyo usije huku na makelele. Kila kitu kilifanywa kama hao wenye makoti meupe wanavyotaka. Kidonda kimefunga. Ameuma, ndiyo. Mbwa asiyeuma wa nini?

Mbeyu hakuandika kwa kuwa mkono ni ule wa kuandikia.

Mjomba wako,
Mangi Tsofa


Ukunda,
Alhamisi, 2 Mei 2024, saa mbili asubuhi

Mjomba,

Leo sina salamu. Katana amenipa barua yako sasa hivi, imekaa siku tano ikingoja gari lake. Anangoja nimalize kuandika hii.

Mezani ninazo barua zako mbili. Moja uliiandika Alhamisi tarehe nne Aprili, kwa mkono wako: Forodha ameondoka tangu Jumatatu, yuko kwa Nzai, na akienda hukaa wiki nzima. Mbeyu mwenyewe akaongeza kwamba Forodha amesafiri. Barua ya pili inasema Ijumaa tarehe tano, alfajiri, Forodha alikuwa amelala mlangoni pa zizi akakanyagwa. Kuna Mangi wawili wanaoniandikia, na mmoja ni mwongo. Mimi ninajua ni yupi.

Nitakueleza polepole, maana ni wazi kwamba hukuelewa ulichoambiwa. Siku kumi ni za mbwa aliyeuma. Kama aliyeuma ana kichaa, hazipiti siku kumi kabla hajaonyesha dalili au hajafa. Kumfunga mbwa mwingine na kumtazama akila hakumwambii mtu chochote. Ulimfunga mbwa asiyehusika, ukaenda Msambweni ukawaambia watu wanaojua kazi yao kwamba mtoto wangu yuko salama, nao wakakuamini kwa sababu hawakudhani mzee mwenye mvi atadanganya juu ya jambo kama hilo. Wakasimamisha sindano. Sindano zimesimama, Mjomba, na hakuna anayejua mbwa aliyemuuma yuko wapi.

Mpe Mbeyu nguo safi. Mpandishe gari la Katana sasa hivi, wewe na Kahaso mpande pia. Mimi natoka hapa kwenda Msambweni, nitakuwa getini kabla ya adhuhuri. Ukifika utamwambia daktari ukweli kwa mdomo wako, nami nitakuwa nimesimama hapo nikisikiliza.

Usiandike jibu. Panda gari.

Eunice


Mwangulu,
Jumapili, 9 Juni 2024

Kwa Eunice,

Nakusalimu, kama salamu zangu bado zinapokelewa hapo. Mavuno yatakuwa mazuri. Kahaso hasemi nami tangu tulipotoka Msambweni. Anapika, anaweka chakula, anakwenda kula jikoni kwake. Nimekuwa mgeni nyumbani kwangu, na mgeni asiyekaribishwa.

Siku ile mbele ya daktari nilisema maneno matatu tu, mbwa hakuwa wangu, na wewe ukamchukua mtoto ukaondoka. Nimekaa mwezi mzima nikisema nitakuandikia yaliyobaki.

Forodha alirudi Jumapili jioni, siku mbili baada ya mtoto kuumwa, sikio limechanika. Aliyemuuma Mbeyu ni mbwa mwekundu nisiyemjua, mmoja wa waliokuwa wakielekea kwa Nzai. Aliingia zizini. Mbuzi walilia, mtoto akatoka kabla yangu. Nilipofika ameshamng'ang'ania mkono. Nilimpiga kwa mpini wa jembe akakimbia.

Hospitalini watu walikuwa wamejaa benchi, na wengine ni wa huku kwetu, wale wale niliowaambia wasilete mbwa wao kambini kwako. Muuguzi akauliza mbwa wa nani. Ningesema nini mbele yao? Kwamba mbwa wa Mangi amekwenda kwa majike na ua uko wazi, kama mpwa wake alivyomwambia? Niliona ni heshima zaidi kuwa na mbwa mkali kuliko kuwa na mbwa ambaye hayupo. Nikasema ni wangu. Mbeyu akasema, "Si Forodha, Babu." Nilimkemea, nikamwambia mtoto hajui alichokiona. Tulipokwenda mara ya pili na ya tatu hakusema kitu.

Kuna jingine. Wiki ile ile nilisikia kwamba vijana wa upande wa chini wamemuua mbwa mwekundu aliyekuwa akitokwa na ute na kuuma magurudumu ya pikipiki. Nilisikia, Eunice. Nilijiambia mbwa wekundu ni wengi. Nikaenda kumwangalia Forodha pale nguzoni, nikamwona anakula, nikafurahi kana kwamba yeye ndiye.

Nimejidharau kuliko unavyonidharau wewe, na najua hilo si jambo dogo.

Forodha nilimpakia kwa Katana katikati ya Mei nikamleta hapo kwenu, siku uliyokuwa umekwenda kazini Waa. Mwenzako Twaiba alimchanja na kumhasi. Nilimngojea alegee. Hakulegea. Wiki iliyopita fisi alikuja kabla mbuzi hawajafungiwa, Forodha akamfukuza mpaka bondeni, akarudi kulala mahali pake. Majike wa watu wanapita, hainui kichwa. Nimewaambia watu walete mbwa wao kambi ikija tena. Nzai amekubali jike wake afungwe kizazi. Wananicheka, na ni haki yao.

Mlete Mbeyu likizo ya Agosti. Ua umekuwa kimya sana. Nakuomba.

Mjomba wako,
Mangi Tsofa


Ukunda,
Jumapili, 7 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Nakuamkia kwa sababu mama yangu angetaka hivyo, na nisingependa udhani kuna sababu nyingine. Mkaza mjomba nimemtumia dawa ya mguu kwa Katana, mpe mkononi.

Mbeyu alimaliza sindano zake zote. Daktari anasema hatari imepita, na mimi nimeanza kulala. Kabla ya hapo, akikataa maji mezani nilikuwa nasimama, nikidhani kichaa kimeanza. Akisema kichwa kinamuuma nilikuwa naenda kulia chooni asinione. Hayo nilikuwa sijakuandikia. Ameanza shule hapa Ukunda na anaandika kwa mkono ule ule. Una kovu, anawaonyesha wenzake.

Twaiba alinisimulia siku uliyomleta Forodha. Alisema ulimshika mbwa kichwa mwenyewe, ukamuuliza kama ataumia. Miaka arobaini ya kisu na majivu ya kupaka vidonda, mafahali wote hao, na ndiyo mara yako ya kwanza kuuliza. Sijui nicheke au nifanye nini.

Habari za fisi nimefurahi kuzisikia. Kutojua mambo ya mbwa sikuhesabii. Watu wengi hawajui, nami nalipwa kuwaeleza, na nitakuja na kambi Oktoba. Lakini kwenye benchi lile ulikuwa unajua, na ulipoambiwa habari za mbwa mwekundu ulikuwa unajua zaidi. Uliiweka heshima yako upande mmoja na mtoto wangu upande wa pili, ukachagua. Mimi sina la kukufanya. Wewe ni mjomba wangu, na nilikula kwako miaka mingi.

Mbeyu atakuja. Atakuja kwa wiki mbili, kwa ajili ya mkaza mjomba na kwa ajili ya Forodha. Gari la Katana litamleta Jumamosi, tarehe kumi Agosti.

Ana swali. Ameniuliza akiwa anaoga, akiwa anakula, akiwa anafunga viatu: kwa nini Babu alisema ni Forodha, na mimi nilimwambia si yeye, na alinisikia? Nimemtafutia jibu. Nimefikiria kusema kulikuwa na giza, au Babu aliogopa, au wakubwa hukosea. Kila nikitaka kusema naona namwongezea uongo mwingine juu ya ule wako, nami nimechoka kukubebea. Nimemwambia kwamba Babu ndiye anayejua, na kwamba atamjibu mwenyewe.

Namjua mwanangu. Atakuuliza kabla hajakuamkia.

Mpwa wako,
Eunice